Kitoto cha forodhani hupimwa kwa utepe wa fundi

Mwulize mama yeyote kitoto kichanga ni yupi, naye atakujibu kwa miezi au kwa vitendo: hajaketi, hajatambaa, shingo bado haijakaza. Mwulize afisa wa forodha, atakujibu kwa sentimita. Sheria anayoitumia yasema kwamba nguo za watoto wachanga ni zile za mtoto ambaye urefu wa mwili wake hauzidi sentimita 86. Umri haukutajwa.

Maneno forodha na ushuru tuliyapokea bandarini kutoka Kiarabu. Ushuru umetokana na neno lenye maana ya sehemu moja ya kumi. Hata hivyo, mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani uliweka asilimia 5, nusu ya kile ambacho jina lenyewe linadai! Forodha ya Unguja ilikodishwa kwa matajiri kama Jairam Shivji, ambao walikusanya ushuru na kumlipa Sayyid kiasi walichopatana. Pale ambapo kiwango ni kimoja kwa thamani ya mzigo, hakuna haja ya kuuliza kanzu ni ya nani. Swali hilo huzuka viwango vinapokuwa vingi.

Nalo si swali dogo. Mnamo Januari 1982, serikali ya Garret FitzGerald nchini Ireland iliangushwa bungeni kwa sababu bajeti yake ilitaka nguo na viatu vya watoto vitozwe kodi. Kwa nini watoto wasisamehewe? Ati wanawake wenye miguu midogo wangenunua viatu vya watoto na kukwepa kodi. Hiyo ilikuwa kodi ya mauzo, si ushuru wa forodhani, ila tatizo ni lile lile: mtoto anaishia wapi?

Mkataba wa kuoanisha majina na nambari za bidhaa duniani ulitiwa saini Brussels mwaka 1983, ukaanza kutumika Januari 1, 1988. Ndio uliotuletea zile sentimita 86. Nguo za kitoto zilizofumwa zikapewa kifungu 6111, na zile za kitambaa kisichofumwa kwa namna hiyo zikapewa 6209. Vazi likionekana kufaa kote kuwili, kwa mtoto na kwa mwingine, mtoto ndiye anayeshinda. Soksi za mtu mzima zina kifungu chao, 6115, lakini za kitoto humfuata kitoto.

Basi usidhani kila anachovaa mtoto ni nguo ya mtoto. Kofia yake ya kufuma huenda na kofia nyingine katika sura ya 65. Kiatu chake cha uzi kisicho na soli ni nguo. Ukikishonea soli, kinahamia sura ya viatu. Nepi nayo ilihesabiwa humo humo hadi mwaka 2012, ilipohamishiwa kifungu 9619 pamoja na sodo, iwe ya pamba au ya karatasi. Mtoto hakubadilika hata kidogo. Ni orodha iliyobadilika.

Hapa kwetu mpaka unaogusa watu wengi zaidi ni ule wa mitumba. Nguo ikiwa imevaliwa, dalili za kuvaliwa zikaonekana, na ikaja katika marobota, inaingia kifungu 6309. Humo hakuna mtoto wala mzee. Suruali ya baba na fulana ya kitoto hutozwa ushuru kwa kanuni moja, ambayo huangalia pia kilo. Masharti hayo mawili huenda pamoja: nguo kuukuu iliyokunjwa moja moja na kutiwa katika sanduku la duka si mtumba machoni pa forodha.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa na ushuru wa pamoja tangu 2005, na mwaka 2021 wakuu wake waliamua Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi. Siku orodha hiyo itakapotafsiriwa, mfasiri atakutana na kitoto huyu wa sentimita 86. Akiandika ‘watoto wachanga’ tu, mchuuzi wa Eastleigh ataelewa wale wa kubebwa, ilhali mtoto wa kimo hicho hutembea na kumwita nyanyake kwa jina. Akiandika ‘watoto wadogo’, ataingiza hata wa chekechea. Lebo nazo hazimsaidii: saizi 86 ya Ulaya kwa kawaida huandikwa miezi 12 hadi 18, na nguo nyingi za China huruka kutoka 80 hadi 90.

Mimi ningeandika kipimo chenyewe ndani ya jina la kifungu: ‘nguo za watoto wasiozidi kimo cha sentimita 86’. Ni jina refu, na wanaistilahi wenzangu watanung’unika kwamba istilahi nzuri ni fupi. Lakini anayelipa ni mchuuzi, na kwa sasa kipimo hicho kimefichwa katika maelezo ya mwanzo wa sura, kwa Kiingereza, mahali ambapo wachache hufika kabla ya mzigo kuzuiliwa.