Dansi Iliyolea Muziki wa Kantri

Aliyezoea kuusikiliza muziki wa kantri wa Marekani kwa redio, ametulia kitini, aghalabu hudhani kwamba ulitungwa kwa ajili ya masikio peke yake. Ilhali huko Texas na Oklahoma muziki huu ulilelewa na wacheza dansi, na mengi tunayoyastahi ndani yake yalizuka kwa sababu ya kuwaridhisha wao.

Bob Wills, mwanamuziki wa kantri aliyezaliwa Texas mwaka 1905, alitoka katika ukoo wa wapiga fidla, chombo kile kile kinachoenziwa katika taarabu ya Unguja na Mombasa, na tangu utotoni alifuatana na babake kwenda kupiga majumbani kwa wakulima, ambako vyombo vya nyumba vilitolewa nje ili majirani wapate nafasi ya kucheza hadi alfajiri. Katika mashamba ya pamba alifanya kazi pamoja na watu weusi, na kwao akajifunza bluzi, ambayo haikumtoka moyoni maisha yake yote.

Mwaka 1931, mjini Fort Worth, Wills na mwimbaji Milton Brown walianza kuutangaza redioni, kwa nyimbo, unga wa kinu cha Burrus. Lakini meneja wa kinu hicho, W. Lee O'Daniel, akawapiga marufuku kutumbuiza kwenye dansi. Sharti hilo lilikuwa dhuluma kwa watu waliolelewa na dansi, na halikudumu: Brown alijitenga mwaka 1932, akaunda bendi yake, akawa anapiga katika ukumbi wa Crystal Springs, na Wills akatoka mwaka uliofuata.

Wills aliweka makao Tulsa mwaka 1934, akitangazwa na idhaa ya KVOO, na mara akaufanya ukumbi wa Cain's, uliojengwa mwaka 1924 uwe gereji, kuwa nyumba ya bendi yake. Huko ndiko alikoajiri mpiga dramu, Smokey Dacus, ambaye mwenyewe alistaajabu kuitwa kwenye bendi ya fidla. Akaongeza tarumbeta na saksafoni, kwani umati ulikuwa mkubwa, na aliye mwisho wa ukumbi ana haki ya kuupata mpigo sawasawa na aliye mbele. Hata alipoalikwa kwenye onyesho la redio la muziki wa kantri, Grand Ole Opry, Nashville, mwaka 1944, ambako dramu hazikutakiwa jukwaani, alishikilia kwamba hapigi bila ya hizo.

Nasikitika kwamba furaha hiyo haikuwa ya wote. Sheria na desturi za ubaguzi za zama hizo ziliwazuia watu weusi, walimu wa Wills, wasicheze sakafu moja na weupe.

Kumbi nyingi za dansi za Texas zilikuwa kongwe kuliko redio, na nyingi kati ya hizo zilijengwa na wahamiaji wa Kijerumani na wa Kicheki. Ule wa Gruene, Texas, wasimama tangu mwaka 1878. Wazee, vijana na watoto walikuja pamoja, na watoto waliposhikwa na usingizi walilazwa juu ya mablanketi kando ya ukumbi. Wachezaji huzunguka wakielekea upande mmoja, wenye mbio wakipita nje, wa taratibu wakibaki ndani, na asiye na mwenzi akichezea katikati apendavyo. Na huko Gruene watu wanacheza hadi leo.