Eddie Robinson, kocha wa miaka 57 katika chuo kimoja

Mshahara wa kwanza wa Eddie Robinson ulikuwa dola 63 na senti 96 kwa mwezi. Ilikuwa mwaka 1941, ana umri wa miaka 22, ametoka kufanya kibarua katika kiwanda cha chakula cha mifugo mjini Baton Rouge kwa senti 25 kwa saa, na elimu ya chuo anayo. Kwa fedha hizo alitakiwa kufundisha mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega makubwa, ambao mpira wake una ncha mbili na hubebwa mkononi. Mwajiri wake alikuwa chuo kidogo cha Weusi huko Grambling, kaskazini mwa jimbo la Louisiana, Marekani. Aliondoka hapo mwaka 1997.

Kwa sisi tuliozoea kuona kocha akifungashiwa virago kabla ligi haijafika nusu, miaka 57 kwenye benchi moja ni muujiza tosha. Ila kinachonivuta kwa Robinson ni jambo jingine. Ubaguzi wa rangi ndio uliomjazia kikosi. Ulipoanza kuvunjika, naye akiwa miongoni mwa waliousukuma, kikosi chake ndicho kilicholipa gharama.

Alizaliwa tarehe 13 Februari 1919 katika mji mdogo wa Jackson, Louisiana. Baba yake alilima shamba la mtu kwa kugawana mavuno, mama alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Akasoma Baton Rouge, kisha Leland College, ambako alicheza kama kwotabeki. Huyo ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza, anawasoma wapinzani, na kwa sekunde chache anaamua mpira uende kwa nani. Ndiye akili ya timu, na nafasi hiyo itatuhusu sana mbele.

Rais wa chuo, Ralph Waldo Emerson Jones, alimpa kazi, lakini hakuwa na fedha za kumpa wasaidizi. Aliyemsaidia alikuwa mlinzi wa usiku. Robinson alikata nyasi za uwanja mwenyewe, akachora mistari, akawafunga wachezaji bandeji kwenye vifundo vya miguu, na mechi ikiisha akakaa kuandika habari zake ili magazeti yapate cha kuchapisha. Timu ikisafiri, migahawa ya njiani haikuwahudumia Weusi, basi kocha huyohuyo akawatengenezea vijana sandwichi. Kuna kisa kinachosimuliwa hadi leo kuhusu mzazi mmoja aliyewaondoa wanawe timuni kwa sababu pamba ilikuwa tayari shambani. Robinson hakubishana naye. Alichukua timu nzima, wakaichuma pamba yote, wachezaji wakarudi mazoezini.

Msimu wa kwanza alishinda mechi 3, akapoteza 5. Msimu wa pili, 1942, alicheza mechi 9, akashinda zote, na hakuna mpinzani aliyepata hata pointi moja dhidi yake. Kisha vita ikasimamisha mpira chuoni kwa misimu miwili.

Mlango wa ligi ya kulipwa, NFL, ulifunguliwa na Paul Younger, mchezaji wa Grambling, jitu lililopewa jina la utani Tank, yaani kifaru. Mwaka 1949 Los Angeles Rams walimsajili, akawa mchezaji wa kwanza kutoka chuo cha Weusi kuingia ligi hiyo. Robinson alimweleza wazi kwamba akishindwa yeye, wenye timu watasema hata walio bora kabisa wa vyuo hivi hawafai. Younger hakushindwa, na mwaka 1951 Rams walitwaa ubingwa naye akiwemo.

Baada yake walimiminika. Vyuo vikuu vya Wazungu vya Kusini havikuwataka vijana Weusi, kwa hiyo kijana mwenye kipaji wa Louisiana alikuwa na njia chache, na mojawapo ilikuwa Grambling. Willie Davis, Willie Brown, Buck Buchanan na Charlie Joiner, wote wanafunzi wa Robinson, leo majina yao yamo katika jumba la heshima la mpira wa kulipwa huko Canton, Ohio. Zaidi ya wachezaji 200 walipita mikononi mwake wakafika ligi za kulipwa. Wengi wao waliikumbuka kengele: asubuhi kocha alipita kwenye korido za bweni akiipiga, kuwaamsha waende darasani. Hata hivyo si wote chuoni waliomshangilia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa Grambling walifanya mgomo, wakidai chuo kinauthamini mpira kuliko masomo. Nadhani walikuwa na hoja. Wanafunzi wa chuo kilichojulikana nchi nzima kwa mpira walikuwa na haki ya kutaka kijulikane kwa jingine pia.

Mlango mmoja ulibaki umefungwa, ule wa kwotabeki. Klabu za kulipwa ziliwapenda Weusi kwa mbio na nguvu, lakini akili ya timu ziliikabidhi kwa Mzungu. Kwotabeki Mweusi aliyetoka chuoni alihamishiwa nafasi nyingine, apende asipende. Robinson alimwandaa James Harris kwa makusudi na kumsihi asikubali kuhamishwa. Mwaka 1969 Harris alianza mechi ya ufunguzi ya Buffalo Bills kama kwotabeki. Mwaka 1978 Doug Williams, kijana mwingine wa Grambling, alichaguliwa na Tampa Bay katika raundi ya kwanza ya usajili. Tarehe 31 Januari 1988 Williams aliiongoza Washington kuichapa Denver 42 kwa 10 katika fainali ya Super Bowl. Katika robo ya pili peke yake pasi zake nne zilizaa matachidauni, yaani mabao makubwa ya mchezo huu. Alikuwa kwotabeki Mweusi wa kwanza kutwaa taji hilo, na akachaguliwa mchezaji bora wa mechi.

Kabla ya hapo, Oktoba 1985 mjini Dallas, Robinson alikuwa amepata ushindi wake wa 324 kwa kukifunga chuo cha Prairie View. Akampita Bear Bryant, kocha wa chuo kikuu cha Alabama, aliyeishia 323. Wapo waliokunja nyuso wakisema ameupata ushindi huo kwa kuvifunga vyuo vidogo. Hoja hiyo ni dhaifu. Grambling haikuchagua kucheza na vyuo vya Weusi tu. Waliochagua ni waliokataa kucheza nayo. Mchezaji Mweusi wa kwanza kuichezea timu kuu ya Alabama alishuka uwanjani mwaka 1971, Bryant akiwa amekaa hapo tangu 1958.

Na mwaka huo wa 1971 ndipo ilipoanzia shida ya Robinson. Alabama na wenzake walipogundua walichokuwa wakikikosa, walikuja na viwanja vikubwa, televisheni na ufadhili ambao Grambling isingeweza kushindana nao. Vijana ambao zamani wangeamshwa na kengele yake wakaenda kwingine. Ushindi wa 400 aliupata Oktoba 1995, lakini msimu huo ulikwisha kwa vipigo vingi kuliko ushindi, na miwili iliyofuata ilikuwa mibaya zaidi. Uchunguzi wa chama cha michezo ya vyuo, NCAA, nao ukaongeza doa. Chuo kilitaka aondoke mwishoni mwa 1996. Wahitimu na wanasiasa, gavana akiwemo, wakamwombea mwaka mmoja wa kuaga. Mechi ya mwisho alifungwa na mahasimu wao wa jadi, chuo cha Southern.

Hesabu yake ilifungwa kwa ushindi 408, vipigo 165 na sare 15. Kiti chake alikirithi Doug Williams, ambaye kuanzia mwaka 2000 alitwaa ubingwa wa kanda mara tatu mfululizo. Robinson alifariki tarehe 3 Aprili 2007 baada ya kuugua maradhi ya Alzheimer, na mwili wake ukalazwa kwa heshima katika jengo la bunge la Louisiana.

Joe Paterno, aliyekuwa kocha wa chuo cha Penn State, anamzidi kwa ushindi mmoja, 409. Kwa tarakimu, Paterno yuko juu. Kwa kazi iliyofanyika, na kwa fedha iliyokuwepo ya kuifanyia, mimi namweka Robinson wa kwanza.