Oili, Mawese na Barabara ya Ziwa: Historia ya Karai Moja la Rumonge

Tunapofundishwa historia ya mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kwa kawaida tunaanza na waliofika: Livingstone na Stanley wakipita Mugere mwaka 1871, wamisionari wa White Fathers wakifungua kituo Rumonge mwaka 1879, kisha Wajerumani na Wabelgiji. Vyombo vya usafiri navyo tunavisoma hivyohivyo. Tunajua meli fulani ilizinduliwa lini na barabara fulani ilifunguliwa lini, lakini ni mara chache tunauliza ni nani aliyeviweka vikiendelea kufanya kazi baada ya sherehe kwisha.

Katika insha hii nataka kuanza mahali pengine, yaani chini ya pikapu ya mjomba wangu. Ni pikapu ya dizeli yenye gia za otomatiki, inayobeba mawese na ndagala kutoka Rumonge. Mwaka jana giaboksi yake iliharibika. Ilipotengenezwa, karai lake la oili liliondolewa, likawekwa kubwa zaidi pamoja na chujio jipya. Ninadai kwamba badiliko hilo dogo ni sehemu ya historia ndefu ya mwambao huu: historia ya watu wanaopokea mashine zilizopimwa kwa ajili ya mahali pengine na kulazimika kuzipima upya wao wenyewe.

Historia hiyo ina uhusiano wa kushangaza na zao letu. Kabla ya mafuta ya petroli kutawala, mashine zililainishwa kwa mafuta ya wanyama na ya mimea. Mwaka 1835 Henry Booth, aliyekuwa mtendaji wa reli ya Liverpool na Manchester, alipata hataza ya grisi ya ekseli iliyochanganya mawese na mafuta ya wanyama. Mawese hayo yalitoka Afrika Magharibi, si Rumonge, lakini mfano huo unatukumbusha kwamba kile tunachokiona leo kama mboga ya wali na malighafi ya sabuni kiliwahi kusukuma magurudumu ya treni za Ulaya. Leo mambo yamegeuka. Mawese ndiyo mzigo, na oili inayolainisha gari linaloyabeba inaagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni.

Mfano wa pili uko ziwani kwetu. Meli ya Kijerumani Graf von Goetzen ilijengwa Papenburg, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuunganishwa tena huko. Mwaka 1915 ilishushwa majini. Mwaka uliofuata, Wajerumani waliposhindwa kulishikilia ziwa, waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini mafundi walioizamisha walifanya jambo moja kabla: walizipaka injini zake grisi nzito. Ilipoinuliwa mwaka 1924, miaka minane baada ya kuzamishwa, injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Mwaka 2015 meli hiyohiyo ilikuwa ikiwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga na kuwapeleka Kigoma. Tukihadithia Liemba tunataja vita na makamanda. Ni nadra kusema wazi kwamba maelfu ya watu walivuka kwa sababu, karibu miaka mia moja nyuma, kuna mafundi walioona kwamba grisi haikuwa kazi ya kurukwa.

Kwenye nchi kavu, uti wa mgongo wa mwambao ni Barabara ya Taifa namba 3, inayotoka Bujumbura, kupita Rumonge na kuendelea hadi Nyanza-Lac. Kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni kama kilometa 75, barabara ikiwa imebanwa kati ya maji na milima. Anayetoka Rumonge kwenda Bururi anaiacha tambarare na kupanda zaidi ya mita elfu moja. Kwa hiyo gari la biashara la Rumonge lina maisha mawili: joto na vumbi vya ziwani, kisha mlima mrefu likiwa na mzigo.

Barabara hiyo pia ina kumbukumbu ya damu. Mwaka 1972 mashambulizi ya Rumonge na Nyanza-Lac, kisha mauaji makubwa ya serikali yaliyofuata, yaliwafukuza watu wengi hadi Tanzania. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Mjomba alizaliwa katika makazi ya Katumba, akajifunza kuendesha trekta huko, na akarudi katika wimbi la kurejea lililoanza mwaka 2008. Kama familia nyingi zilizorudi, walikuta ardhi yao ina mtu mwingine. Shamba la michikichi lilikuwa na mgogoro, pikapu haikuwa nao. Ndiyo maana ninasema gari hili kwetu si chombo tu. Ndilo lililochukua nafasi ya shamba, na ndilo linalonilipia ada.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Kwenye gari la gia za mkono, klachi huunganisha injini na giaboksi kwa sahani zinazobanana. Kwenye otomatiki ya kawaida, kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo kilichojaa oili. Injini inaizungusha oili, na oili inaizungusha giaboksi. Oili hiyohiyo inasukumwa na pampu ili kubana klachi za ndani na kubadilisha gia; hiyohiyo inalainisha vyuma, na hiyohiyo inabeba joto kulipeleka nje. Ikichoka, kila kitu kinachoka. Karai ni chombo cha bati au alumini kilichofungwa chini ya giaboksi ambamo oili hutulia. Ndani yake kuna chujio la kuzuia takataka, na mara nyingi sumaku ya kunasa vumbi la chuma.

Mfumo huu ulienea kuanzia Marekani, ambako General Motors ilianza kuuza giaboksi ya Hydra-Matic kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Kwa muda mrefu oili zake ziliongezewa mafuta ya nyangumi, ambayo yalivumilia joto vizuri, mpaka Marekani ilipoyapiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1970 na wakemia wakalazimika kutafuta mbadala. Karai kubwa nalo lilipata umaarufu kwa wamiliki wa pikapu za dizeli wanaovuta matela mazito. Oili ikiwa nyingi huchelewa kupata moto, na karai la alumini lenye mapezi hutoa joto kwenye hewa. Mafundi wana kanuni ya makadirio: joto likizidi kiwango chake, kila nyongeza ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi hupunguza umri wa oili kwa nusu.

Mjomba aliponunua pikapu, aliambiwa kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha, haibadilishwi. Aliamini. Baada ya miaka mitatu, akiwa amebeba madumu ya mawese kuelekea Bururi, injini ilianza kulia huku gari likisogea kwa shida. Fundi alipofungua karai, oili iliyopaswa kuwa nyekundu ilikuwa nyeusi na inanuka kuungua, na chujio lilikuwa limeziba kwa unga wa klachi. Matengenezo yalimeza akiba ya nyumba. Muhula ule nilichelewa kujiandikisha.

Nilipokisoma kitabu cha gari lile, niligundua kwamba hakikusema uongo. Kilisema oili haihitaji kubadilishwa katika matumizi ya kawaida, na kwamba katika matumizi magumu ibadilishwe mapema. Matumizi magumu yaliorodheshwa: mzigo mzito, milima, joto, vumbi, mwendo wa kusimamasimama. Orodha ile ilikuwa Rumonge yote. Hapa ndipo mwanafunzi wa historia anapaswa kusimama. Neno "kawaida" lina mahali pake na wakati wake. Mtu fulani aliliandika akiwa na barabara fulani akilini. Maisha yetu ya kila siku yamewekwa kwenye tanbihi, chini ya kichwa cha "magumu".

Katika garaji kulikuwa na ubishi. Fundi kijana alitaka karai la alumini lenye kina zaidi, la kuongeza karibu lita tatu. Fundi mzee, aliyeanza kazi wakati wa vikwazo vya kiuchumi vya mwaka 1996 hadi 1999, alipinga. Wakati ule, alisema, walikuwa wakiosha machujio kwa petroli na kuyarudisha kwa sababu mapya hayakupatikana. Kwake dawa ilikuwa kubadilisha oili mapema, si kununua chuma. Alimwambia mwenzake, "Mwanangu, unaongeza oili, lakini unapunguza nafasi ya jiwe kupita." Hoja yake ilikuwa na uzito. Karai lenye kina hushuka chini zaidi, na sehemu ya barabara kati ya Gitaza na Rumonge, kilometa 45 zilizowekwa kwenye mradi wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilikuwa imesumbua magari kwa miaka. Ziwa lilipopanda miaka ya karibuni na kufurika mwaka 2024, maji nayo yalifika njiani. Maji yakiingia kwenye giaboksi kupitia bomba la kupumulia, oili hugeuka kama maziwa.

Mwishowe walikubaliana. Karai kubwa liliwekwa, lakini si lile refu kuliko yote, na chini yake kikafungwa kikinga cha bati nene. Chujio lilikuwa la kina chake, kwa sababu chujio fupi ndani ya karai refu linaweza kuvuta hewa gari likiwa mlimani. Bomba la kupumulia liliinuliwa. Oili ilipimwa upya gari likiwa limepata moto, kwa kuwa kipimo cha zamani hakikufaa tena. Zaidi ya hayo, mjomba alipunguza madumu kwa kila safari. Miezi minane baadaye karai lilifunguliwa: oili ilikuwa bado nyekundu, na kwenye sumaku kulikuwa na tope jembamba la kijivu tu.

Je, ni karai lililoiokoa pikapu? Siwezi kuthibitisha. Mzigo ulipungua wakati huohuo, na gari moja si ushahidi wa kutosha. Ninachoweza kukitetea ni kidogo zaidi, lakini kwa mwanahistoria kina maana. David Edgerton, katika kitabu chake cha mwaka 2006, The Shock of the Old, anahimiza tuisome teknolojia kwa matumizi na matunzo yake, si kwa uvumbuzi peke yake. Rumonge inampa ushahidi. Ubishi wa mafundi wawili ulikuwa na kumbukumbu ya vikwazo, ya mafuriko, ya barabara na ya bei. Hakuna nyaraka ya ofisi iliyouhifadhi. Mafundi wa umri ule wanapungua, na wanafunzi wao wanajifunza zaidi kwa video za simu kuliko kwa kusimuliwa.

Kwa hiyo ninapendekeza kwamba utafiti wa masimulizi tunaoufanya kwa wazee wa 1972 uende pia kwenye magaraji ya Rumonge, Nyanza-Lac na Bujumbura. Mimi nimeanza na fundi mzee. Jumamosi mbili za kwanza alinishikisha spana kabla ya kukubali kuhojiwa.