Nesi wa Queens na rekoda ya Mama

Kwenye kipindi kilichopita nilikitaja juu juu tu kile kisa cha rekoda ya Mama, halafu maongezi yakahamia kwingine. Leo nakieleza vizuri, kwa sababu kimenifanya nisome historia ambayo sikufundishwa shuleni hapa Uingereza, wala nyumbani sikuisikia.

Mama anakaa Northampton, nyumba ya safu, ukuta kwa ukuta na majirani. Kazi yake ni kuangalia wazee usiku. Anatoka saa mbili za usiku, anarudi asubuhi wakati wenzake ndio wanatoka. Ndani anabaki Bibi na mdogo wangu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 17. Tulimwekea Mama kamera nne na rekoda yake, ile mashine nyeusi inayofanana na deki. (Kama hujui deki ni nini, muulize mzazi wako kanda za harusi alizitazamia wapi.)

Novemba ya mwaka juzi, usiku, mtu alivunja kioo cha gari la jirani. Jirani akasema kaona kijana mweusi, kavaa kofia ya jaketi, anakimbilia upande wa kwetu. Kesho yake askari akaja kupiga hodi. Alikuwa mpole, sina la kumlaumu. Akauliza kama anaweza kuona picha za usiku ule. Mama akafurahi, wallahi. Akamwambia mwanangu alikuwa ndani usiku kucha, kamera hizo hapo, zitasema zenyewe. Nikapigiwa simu, nikaendesha kutoka London nikiwa na furaha hiyohiyo.

Kwenye televisheni ya sebuleni picha zilikuwa nne, safi kabisa. Mlango, kijia, bustani ya nyuma, barabara. Nikatafuta za jana yake. Hakuna. Za juzi, hakuna. Nikarudi nyuma mpaka nikafika tarehe 11 Machi, na hapo ndipo picha ya mwisho ilipokuwa. Diski ya ndani ya rekoda ilikufa miezi minane kabla, na hakuna aliyejua, maana picha ya sasa hivi haipiti kwenye diski. Inatoka kwenye kamera moja kwa moja mpaka kwenye kioo cha televisheni. Mama alikuwa akiitazama kila siku, anaona kila kitu, lakini mashine haikuweka kumbukumbu yoyote.

Bibi naye alikuwa shahidi. Alisema saa sita usiku alimsikia mjukuu wake anakohoa chumbani. Mdogo wangu, na Kiswahili chake cha kuungaunga, akamfasiria askari saa sita ya Kizungu, ambayo kwa Bibi ni saa kumi na mbili. Ikabidi nimpigie askari simu kusahihisha, na unajua mtu anaposahihisha ushahidi wa bibi yake anavyosikika.

Basi nikabaki na swali. Hiki kitu kilitoka wapi, na kilibuniwa kimfae nani?

Kamera ya kulinda ilianza jeshini. Mwaka 1942 Wajerumani waliweka kamera za televisheni Peenemünde ili watazame kombora la V-2 likiruka bila kusimama karibu nalo. Mhandisi anayetajwa ni Walter Bruch. Hapo hamna nyumba wala mlango wa mtu.

Aliyeileta nyumbani ni nesi. Marie Van Brittan Brown, Mmarekani mweusi, aliishi Jamaica, mtaa wa Queens, New York. Si kisiwa cha Jamaica, msichanganye. Kazi yake ya unesi ilikuwa na zamu zisizo na mpangilio, na mumewe Albert, fundi wa umeme wa redio na televisheni, naye mara nyingi hakuwepo usiku. Uhalifu mtaani ulikuwa unapanda, na polisi wakiitwa walikuwa wanachelewa kufika. Mtu akigonga saa za usiku, Marie alikuwa lazima ashuke mpaka mlangoni, asogee karibu, ndipo ajue ni nani.

Mwaka 1966 yeye na mumewe waliomba hataza ya chombo walichokibuni, na tarehe 2 Desemba 1969 wakapewa, namba 3,482,037. Nimeisoma yote, na michoro yake iko wazi kuliko maelekezo ya rekoda yetu. Mlango una vitundu vinne vya kuchungulia, kimoja juu ya kingine. Nyuma yake kuna kamera inayopanda na kushuka kwa mota, inasimama kwenye kitundu unachotaka. Picha inakwenda kwenye televisheni iliyo chumbani, hata kitandani unaiona. Kuna kipaza sauti cha kuongea na aliye nje. Kuna swichi ya kufungua mlango kwa mbali kama ni mtu wako, na nyingine ya kupiga kengele ya hatari kama siye.

Hebu fikiria kengele za mlango zenye kamera zinazouzwa leo. Unamwona mtu, unaongea naye, unamfungulia ukiwa mbali, unaita msaada. Yote hayo mama huyu aliyachora kabla binadamu hajakanyaga mwezi. Na kitu kimoja nataka mkishike: kwenye mchoro wake picha haitoki nje ya nyumba. Inatoka mlangoni, inaishia chumbani kwake.

Baadaye picha zikaanza kutoka. Hapa Uingereza kamera ziliingia barabarani mapema kuliko zilivyoingia majumbani. Bournemouth waliweka za kwao mwaka 1985, mwaka mmoja baada ya bomu la hoteli ya Brighton. Ila kilichobadilisha nchi ni Februari 1993. Mtoto wa miaka 2, James Bulger, alichukuliwa kwenye jengo la maduka Bootle, karibu na Liverpool, na kamera ikanasa anavyoshikwa mkono na kuondoka na wavulana wawili. Wazazi wa kizazi kile wote wanaikumbuka picha ile, yenye chengachenga, watu wanaonekana kama vivuli. Haikumwokoa mtoto. Lakini baada yake serikali ilimwaga pesa za kamera, miji ikazigombania.

Picha ilikuwa mbovu kwa sababu ya kanda. Kanda ya VHS ya kawaida inabeba saa chache, na mlinzi anataka ibebe siku nzima. Kwa hiyo zikatengenezwa deki maalumu zinazochukua picha chache tu kwa sekunde, mtu anatembea kwa kurukaruka. Kisha kanda ileile inarudiwa wiki baada ya wiki mpaka inachakaa. Maduka mengi yalikuwa na kanda zilizorekodi kitu kisichotambulika. Yaani ugonjwa wa rekoda ya Mama una ukoo mrefu.

Mjomba wangu wa Birmingham hataki kusikia habari ya kamera, na sababu yake naiheshimu. Yeye anakaa Sparkbrook. Mwaka 2010 watu wa Sparkbrook na Washwood Heath, mitaa ya Waislamu wengi, waligundua kwamba wamezungushiwa kamera zaidi ya 200, nyingine zimefichwa, na kwamba pesa zilitoka kwenye fungu la kupambana na ugaidi. Wao walikuwa wameambiwa ni za uhalifu wa kawaida. Walipiga kelele, polisi wakaomba radhi, na mwaka 2011 zikang'olewa. Nilipomweleza mjomba kisa cha mdogo wangu, alinijibu, "Ingekuwa nzima ile mashine, mngempa polisi miezi minane ya nani kaingia nyumbani kwenu?" Sikuwa na jibu la haraka.

Intaneti nayo ilileta yake. Kamera ya kwanza kwenye mtandao inasifiwa kwa uvivu: wataalamu wa kompyuta wa Cambridge mwaka 1991 walielekeza kamera kwenye birika la kahawa ili wasitembee bure na kulikuta tupu. Mwaka 1993 ikawekwa kwenye wavuti, dunia nzima ikatazama kahawa. Mwaka 1996 Axis ya Sweden ikatoa kamera inayochomekwa moja kwa moja kwenye mtandao. Kuanzia hapo diski ilichukua nafasi ya kanda, kisha simu ikachukua nafasi ya televisheni ya chumbani.

Na mlango ukafunguka pande zote mbili. Mwaka 2016 programu mbaya iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu orodha ya maneno ya siri kama sitini hivi, yale ya kiwandani ambayo watu hawayabadilishi. Iliteka kamera na rekoda za majumbani kwa malaki, na tarehe 21 Oktoba zikatumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn mpaka Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Rekoda zenyewe ziliendelea kuonyesha picha kama kawaida.

Mahakama nazo zimeingia. Oktoba 2021, Oxford, mwanamke alimshinda jirani yake aliyefunga kamera zilizokuwa zinanasa picha na maongezi yake nje ya mipaka ya nyumba ya jirani huyo. Kwa hiyo kama kamera yako inasikia bustani ya mwenzako, zima sauti leo.

Baada ya yote haya tulikaa na Mama kuchagua upya. Kengele ya kisasa ya kulipia kila mwezi ni rahisi, haina nyaya, lakini picha zinakaa kwenye kompyuta za kampuni. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani iliishtaki Ring kwamba wafanyakazi waliwahi kutazama video za ndani ya nyumba za wateja, na Ring ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Mama alisikiliza, akasema, "Mimi nataka kama ya yule nesi. Ianze kwangu, iishie kwangu." Tukabaki na rekoda na waya.

Diski tuliyonunua safari hii ni ya aina inayotengenezwa kwa ajili ya kamera, inayostahimili kuandika usiku na mchana. Ile ya kwanza, nilipoifungua, ilikuwa ya kompyuta ya kawaida. Ukubwa nilipiga hesabu. Kamera moja inayotuma megabiti 2 kwa sekunde inakula gigabaiti 21 na nusu hivi kwa siku. Zidisha kwa nne, unapata kama 86. Diski ya terabaiti 2 inakupa siku 23, halafu inaanza kufuta za zamani. Mtu akikugongea na kukuuliza habari za mwezi uliopita, zimeshakwenda.

Saa ya rekoda ilikuwa mbele kwa saa nzima, maana haikurudishwa Oktoba saa zilipobadilika. Hata kama ingerekodi, ingekuwa na saa yake, Bibi na yake, askari na yake. Sasa inajirekebisha yenyewe kwa intaneti. Neno la siri la kiwandani nalibadilisha kwa aibu, lilikuwa admin. Kamera ya bustani, ambayo usiku ilikuwa nyeupe tupu, tulidhani imekufa: buibui alijenga mbele ya taa zake za usiku, mwanga unagonga utando na kurudi. Ufagio ulitosha. Na Jumapili ya kwanza ya kila mwezi mdogo wangu anafungua picha za jana yake, za jana yake kabisa, anazicheza dakika moja kila kamera.

Kesi haikuendelea. Hakuna aliyeshtakiwa. Jirani mpaka leo Mama akimsalimu haitikii, na mdogo wangu akirudi usiku anavua kofia ya jaketi akifika kona, hata kama mvua inanyesha.

Jambo la mwisho lilikuwa kamera ya mlangoni. Askari siku ile aliitazama pale ilipofungwa, juu chini ya paa, akasema hata ingerekodi ingemwonyesha utosi tu. Ni kweli. Nilikuwa nimemwonyesha Mama mchoro wa Marie Brown kwenye simu, akauliza vile vitundu vinne ni vya nini. Nikamweleza cha juu ni cha mtu mrefu, vinashuka hivyo hivyo, cha chini kabisa ni cha mtoto.

"Basi teremsha hiyo kamera," akasema. Binti yangu ana miaka sita, na kwenye televisheni ya bibi yake kila akija Northampton alikuwa ni mistari ya nywele tu. Nikachukua bisibisi, nikaishusha mpaka usawa wa kifua changu.