Sadaka Iliyoanzia Nzaui

Injili tunayoiimba iligharimu watu hapa Ukambani. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walishuka Mombasa, wakatembea wiki nyingi hadi Nzaui, ambayo leo iko Makueni lakini hadi 1992 ilikuwa wilaya yetu ya Machakos. Desemba 1896 homa ilimuua, akiwa na miaka 29. Wenzake wengine wakafa, wengine wakarudi kwao, hadi karibu abaki mmoja tu.

Sasa tazameni Kanungu, Uganda. Waumini waliambiwa dunia inaisha, wakauza mashamba na mifugo, pesa wakawakabidhi viongozi. Dunia haikuisha. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya kanisa. Na sisi Wakenya tusiwanyooshee kidole: mwaka 2023, msitu wa Shakahola kule Kilifi ulifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwa wengi, ya watu waliofunga kula ili wamwone Yesu.

Wahubiri wa aina hiyo hupenda kumtaja Ibrahimu na Isaka, ila husomea katikati. Pale Moria, Mungu alizuia kisu na kondoo akatoa mwenyewe. Scott alitoa uhai wake, hakuomba ng'ombe wa mtu.

Hesabu za kwaya za mwaka huu, sare na kinanda pamoja, zimebandikwa ubaoni karibu na mlango wa ofisi. Karibuni mzisome.