Mgeni wa Kulala na Daftari la Posho

Msaada unaotolewa kwa hesabu ya nyumba hauwezi kukwepa swali moja: nani anaishi hapa? Mombasa bara, kuanzia Kisauni hadi Changamwe na Likoni, swali hilo limeulizwa kwa karibu miaka 150, kwanza na wamisheni, kisha na waajiri wa bandari na reli, na sasa na serikali. Mara nyingi jibu limetafutwa kwa kuangalia nani amelala humo. Naona kipimo hicho kilikosea tangu mwanzo, kwa sababu kitanda hakionyeshi nani anamlisha nani. Watu wa pwani walikuwa na kipimo chao: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Husemwa kama utani wa kumfukuza mgeni mvivu, lakini ndani yake mna kanuni kamili. Mtu huingia katika nyumba kwa kushika kazi yake na kula chungu chake. Akilala tu, bado ni mgeni.

Tuanze Kisauni. Mwaka 1875 misheni ya Kianglikana ya CMS, ikiongozwa na William Salter Price, ilianzisha Frere Town kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini na manowari za Uingereza. Kengele yao ndiyo iliyoipa sehemu hiyo jina la Kengeleni. Waliopokelewa walipewa posho mpaka mashamba yao yaanze kuwalisha, hivyo tangu siku za kwanza palikuwa na daftari, na kuandikwa humo kulikuwa chakula. Tatizo lilikuja na wale ambao hawakuletwa na manowari. Mkataba wa 1873 kati ya Uingereza na Sultani Barghash ulifunga njia ya bahari na masoko ya watumwa, lakini haukuvunja utumwa wenyewe, ambao katika pwani ya Kenya ulibaki halali hadi 1907. Watoro wakaanza kufika kwenye vituo vya misheni, na aliyewapa mahali pa kulala alihesabiwa kuwa anaficha mali ya mtu. Mwaka 1880 wenye watumwa walitishia kuishambulia Frere Town kwa sababu hiyo.

Wakubwa wa misheni waliagiza watoro wasipokelewe. Agizo hilo halikuzuia kitu. Kule Rabai, nyuma kidogo ya Mombasa, William Jones, mchungaji Mwafrika ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, aliendelea kuwapokea. Mwaka 1888, kampuni ya Kiingereza ya IBEA ilipokuwa ikijiandaa kutawala pwani, iligundulika kwamba watoro katika vituo walikuwa wengi kupita alivyodhani yeyote. George Mackenzie wa kampuni hiyo alilazimika kuwalipia fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru. Wengi wao hawakuwa wakingoja posho ya mtu. Walikuwa wamejenga na kulima. Kwa daftari la misheni walikuwa wageni wasioruhusiwa, na kwa kipimo cha jembe walikuwa wenyeji wa miaka mingi. Kama agizo lingefuatwa, wangerudishwa utumwani kwa kosa la kulala mahali pasipo majina yao.

Bandari ya Kilindini ilipokua, hesabu ilihamia kwenye mshahara. Waajiri walimlipa mfanyakazi kama mwanamume mmoja asiye na familia mjini, na nyumba au posho ya nyumba ilipimwa kwa kitanda chake peke yake. Mgomo wa 1939 ulianza na madai ya posho ya nyumba, ukaenea upesi, na tume ya uchunguzi iliundwa. Mwaka 1947, kuanzia tarehe 13 Januari, wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi kwa siku 12, na katika vuguvugu hilo Chege Kibachia akawa kiongozi wao mpaka alipokamatwa Agosti mwaka huohuo. Ilifika 1954 ndipo Kamati ya Carpenter ilipopendekeza kwamba mshahara wa chini uweze kumtosha mtu na familia yake. Hata hivyo familia iliyofikiriwa ilikuwa mume, mke na watoto. Mjomba aliyefika kutafuta kazi hakuwemo, wala ndugu aliyesimamishwa kibarua wiki iliyopita.

Na hao ndio waliokuwa wengi. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, hupangishwa chumba kwa chumba, na katika chumba kimoja walilala watu ambao mpangaji mmoja tu kati yao alijulikana. Kazi ya bandarini ilikuwa ya kibarua. Leo umepata, kesho hukupata. Aliyepata leo alinunua unga, na aliyelishwa leo alinunua kesho. Mgeni wa kulala basi alikuwa bima, katika mji ambao haukuwa na bima nyingine kwa kibarua. Mwajiri aliyetaka watu wa kumngoja langoni bila kuwalipa siku zisizo na meli alibebwa na ukarimu huu, ilhali serikali iliuona kuwa uzururaji, na mwaka 1949 ikatunga sheria ya kuwashughulikia wasio na kazi mijini.

Maafisa wa afya walisema msongamano huleta magonjwa, na hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Kifua kikuu hakisamehe chumba kisicho na hewa. Ila msongamano ulizaliwa na mshahara wa mtu mmoja na uhaba wa nyumba. Kumtoa mgeni katika chumba kimoja kulimpeleka chumba cha jirani, na kwa walalao ndani haukupungua hata ugonjwa mmoja.

Dosari hiyohiyo imeonekana nchi tajiri. Nchini Marekani, majimbo kadhaa yalikuwa yakimnyima mama msaada wa watoto ikiwa mwanamume alionekana kulala kwake, na wakaguzi wengine walibisha hodi usiku wa manane. Mwaka 1968, katika kesi ya King v. Smith kutoka Alabama, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliikataa kanuni hiyo: mwanamume asiye na wajibu wa kisheria wa kuwalisha watoto hawezi kuhesabiwa kuwa baba yao kwa sababu ya kuonekana na mama yao. Ni hukumu ambayo mzee wa Likoni angeielewa bila wakili.

Kenya yenyewe ina kipimo kizuri kwenye karatasi. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu kwa mahali walipolala usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti, na kwa kazi hiyo usiku ni kipimo sahihi: ndivyo tunavyojua kwamba kati ya watu 1,208,333 wa Kaunti ya Mombasa, ni 154,171 tu waliokuwa Mvita, yaani kisiwani, na waliobaki wote walikuwa bara. Lakini kaya, kwa maana ya shirika la takwimu, ni watu wanaomtambua mkuu mmoja na kupika pamoja. Hapo taifa limerudi kwenye chungu. Shida huja msaada unapogawanywa. Mpango wa fedha kwa mayatima na watoto walio katika mazingira magumu ulianza kwa majaribio mwaka 2004, Kwale jirani ya Likoni ikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo, na baadaye ukawa sehemu ya Inua Jamii. Kiwango chake kimekuwa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya, iwe na mtoto mmoja au sita.

Mtu atauliza: bila kuhesabu walalao, si mwana mwenye mshahara atajificha nyuma ya jina la bibi yake? Atajificha, na fedha ya umma ni chache. Ndiyo maana mchango uulizwe waziwazi. Analeta nini kila mwezi, na anakula kwa nani? Maswali hayo jirani wanaweza kuyajibu, na aliyejificha huonekana upesi kuliko kwa kuhesabu mikeka. Mwaka 2018 serikali ilipoanza kumlipa kila aliyefikisha miaka 70 asiye na pensheni, swali la mgeni lilikoma kwa wazee, kwa kuwa umri ni wa mtu mwenyewe na haubadiliki akilala kwa mwanawe Changamwe. Yatima hajapata nafuu hiyo. Fedha yake imefungwa kwa mlezi aliyeandikishwa, na bibi wa Kisauni akiugua, mtoto akahamia kwa shangazi Likoni, chungu kinachomlisha sasa ni cha shangazi, na jina la shangazi halimo.