Pikapu za gitaa la stili: Kipimo cha omu huwapotosha wanunuzi

Sauti ile ndefu, yenye kuteleza kama kilio, isikikayo katika nyimbo za kantri za Don Williams na Dolly Parton, ambazo zina wapenzi wengi nchini Kenya, hutokana na gitaa la stili la pedali. Chombo hiki hakishikwi kifuani. Husimama kwa miguu yake kama meza, na mpigaji huketi mbele yake akitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, huku miguu na magoti yake yakisukuma pedali na nyenzo zinazobadilisha noti. Barani Afrika kilipata umaarufu kupitia bendi ya King Sunny Adé wa Nigeria, ambaye mpigaji wake, Demola Adepoju, alisikika pia katika wimbo Graceland wa Paul Simon wa mwaka 1986.

Miongoni mwa wapigaji wa chombo hicho, hakuna jambo linalozua ubishi kuliko pikapu. Hapa hatuzungumzii gari la mizigo. Pikapu ni kifaa kidogo chenye sumaku na koili ya waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma unapotetemeka juu yake, umeme kidogo huzalishwa na kupelekwa katika amplifaya. Kifaa hiki na gitaa la stili ni ndugu wa damu: pikapu ya George Beauchamp, aliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1937, ilianza kutumika katika gitaa la stili la kupakatwa mapajani.

Pikapu ya stili ya pedali huwekwa karibu kabisa na mwisho wa nyuzi, mahali ambapo mtetemo ni mdogo na sauti ni kali. Kwa sababu hiyo watengenezaji huzungusha waya mwingi zaidi. Mizunguko hiyo huongeza nguvu na wakati huohuo hupunguza makali ya sauti za juu. Ndiyo maana pikapu ya gitaa la kawaida lenye koili moja huwa na ukinzani wa takriban kilo-omu 6 hadi 8, ilhali ya stili mara nyingi hufikia kilo-omu 15 hadi 20.

Hapo ndipo upotovu unapoanzia. Wanunuzi wengi huichukulia namba hiyo kama kipimo cha utamu wa sauti, wakaamini kwamba pikapu ya kilo-omu 18 ni nzito kuliko ya 17.5. Lakini waya mwembamba zaidi huongeza ukinzani hata pale idadi ya mizunguko isipobadilika. Isitoshe, ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi. Pikapu iliyopimwa kilo-omu 18 katika chumba chenye nyuzijoto 20 itasoma takriban 18.7 joto likifika 30. Tofauti inayogombaniwa na wanunuzi huenda ikawa ni ya hali ya hewa tu.

Bill Lawrence, fundi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Marekani hadi alipofariki mwaka 2013, alisisitiza kwa miaka mingi kwamba ukinzani haumwelezi mnunuzi nguvu wala sauti ya pikapu. Ushahidi mwingine umo katika pikapu za Alumitone za kampuni ya Lace, ambazo ukinzani wake ni mdogo mno, lakini hazina unyonge wowote.

Tofauti ya kweli ipo kati ya koili moja na koili mbili. Koili moja, kama zile za magitaa ya Emmons ya zamani, hupendwa kwa uwazi wake, ila hunasa mngurumo wa nyaya za umeme na taa. Dawa yake, koili mbili zinazofuta mngurumo, ilibuniwa na Seth Lover wa Gibson, aliyeomba hataza mwaka 1955. Kwa chombo ambacho noti yake hushikiliwa muda mrefu huku kikiongezwa sauti kwa pedali, mngurumo si jambo dogo: noti inapofifia na mguu unapokandamiza, mngurumo nao hupanda. Mpigaji wa studio ana sababu nzuri ya kuchagua koili mbili hata kama sikio lake linapenda moja.

Pedali hiyo ya sauti nayo ina hatia yake. Ile isiyotumia umeme, ambayo mara nyingi huwa na kirekebishi cha kilo-omu 500, huiwekea pikapu mzigo na kumeza sauti za juu. Kebo ndefu hufanya vivyo hivyo. Si wachache waliobadili pikapu kwa kulalamikia sauti butu, kumbe kasoro ilikuwa chini ya kiatu.

Ulinganisho wa haki ni kazi ya subira. Gitaa liwe lilelile, nyuzi ziwe za umri mmoja, amplifaya isiguswe. Muhimu kuliko yote, ukubwa wa sauti usawazishwe kwanza, kwa kuwa sikio la mwanadamu hupendelea kilicho na sauti kubwa na kukiita bora. Kuisogeza pikapu milimita moja tu kuelekea nyuzi kwatosha kubadili hukumu. Baadhi ya magitaa hutengenezwa yakiwa na kitako kinachoruhusu pikapu kubadilishwa kwa dakika chache, nalo ni jambo la busara, maana kumbukumbu ya sauti hupotea upesi.

Kwa mwenye gitaa la kale, kosa laweza kuwa ghali. Wakusanyaji huthamini chombo chenye vifaa vyake vya asili, na pikapu iliyotupwa haipatikani tena kwa urahisi. Koili iliyokatika waya yaweza kuzungushwa upya na fundi juu ya sumaku zilezile, na yule anayeamua kufunga mpya hufanya vyema kuihifadhi ya zamani pamoja na skrubu zake.